Rameni ya Yai kwa Bei ya Masasi na Newala: Pakiti, Dagaa au Kongoro?

Rameni ni supu ya tambi ya Kijapani: mchuzi mzito wa ladha, tambi za ngano, mboga kidogo, na juu yake yai lililokatwa katikati. Mkazi wa Masasi au Newala anayetaka kuipika nyumbani ana njia tatu. Ya kwanza ni pakiti ya tambi za dakika tatu, zile ambazo wengi huziita indomie hata zikiwa za kampuni nyingine. Ya pili ni tambi ndefu za kawaida na mchuzi wa dagaa. Ya tatu ni kukanda unga mwenyewe na kuchemsha kongoro la ng'ombe mpaka mchuzi ushike midomo. Tumezipima njia zote tatu kwa fedha, maji, moto, muda na ladha.

Bei hazitulii. Mzigo mwingi wa dukani hutoka Dar es Salaam, hupita Lindi na Mingoyo hadi Masasi, na ule wa Newala huongezewa gharama ya kupandishwa kwenye Uwanda wa Makonde. Msimu wa korosho unapofunguka mwezi Oktoba na malipo ya minada yakaanza kuingia kupitia vyama vya ushirika, wateja huongezeka na wauzaji nao hawalali. Kwa hiyo chukua bei zifuatazo kama mfano wa kupigia hesabu, kisha weka za duka lako:

Pakiti ya tambi za haraka, gramu 70: shilingi 800
Tambi ndefu, gramu 500: 2,000
Unga wa ngano, kilo 1: 2,000
Yai la kisasa: 400, la kienyeji: 600
Fungu la dagaa wakavu la kutosha bakuli 4: 1,000
Kongoro moja la ng'ombe: 4,000
Soya sosi, chupa ya mililita 150: 3,000
Mboga, kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu kwa bakuli 4: 1,000

Pakiti: rahisi kwa macho

Tambi za haraka zilianzia Japani. Momofuku Ando wa kampuni ya Nissin aliziingiza sokoni mwaka 1958, baada ya kugundua kwamba tambi zikishapikwa na kukaangwa kwenye mafuta hukauka, hukaa muda mrefu bila kuharibika, na hulainika upya zikiguswa na maji ya moto. Pakiti yake iliuzwa yen 35, wakati tambi mbichi za udon zilipatikana kwa takriban sehemu ya sita ya bei hiyo. Pakiti ilianza maisha yake kama kitu cha gharama. Kilichouzwa pale kilikuwa ni muda.

Hali hiyo haijabadilika sana. Pakiti ya gramu 70 kwa shilingi 800 maana yake ni shilingi 1,143 kwa kila gramu 100 za tambi. Tambi ndefu za pakiti ya nusu kilo zinakuwa shilingi 400 kwa gramu 100. Unga wa ngano ni shilingi 200. Macho huiona pakiti kuwa rahisi kwa sababu unatoa noti moja na kurudishiwa chenji, lakini kwa uzito ndiyo ghali kuliko zote.

Tena mtu mzima aliyetoka shamba hashibi kwa gramu 70. Kwenye familia ya watu wanne zinapikwa pakiti 6, si 4. Hesabu yake: pakiti 6 ni 4,800, mayai 4 ni 1,600, mkaa wa 300. Jumla 6,700, sawa na shilingi 1,675 kwa bakuli, na hapo hakuna hata jani la mchicha. Ukiongeza mboga na viungo vya 1,000, bakuli linafika 1,925.

Faida zake zipo na si za kubeza. Haihitaji moto mwingi. Haihitaji maji mengi pia, kwani karibu nusu lita kwa bakuli inatosha na yote yananyweka. Kwa Newala hilo lina uzito. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga unaomeza mvua. Juu hakuna mito, na kwa miongo mingi mji umetegemea maji yanayosukumwa kutoka bondeni Mitema. Kiangazi kikikaza, ndoo ya maji ni kitu cha kuhesabiwa kama mafuta ya taa. Masasi, inayopata maji ya Mbwinji, ina nafuu yake, ingawa huko pia bomba hukatika.

Hasara kubwa ya pakiti ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Pakiti moja ikitiwa kifuko chake chote mara nyingi hubeba karibu nusu ya kiasi hicho au zaidi. Anayekula pakiti mbili na kumaliza mchuzi ameshafunga hesabu ya siku kabla hajagusa kitoweo kingine. Mafuta nayo yamo, kwa kuwa tambi zenyewe zimekaangwa kiwandani. Tia nusu ya kifuko, nusu nyingine iweke kwa siku nyingine, na pengo la ladha lijaze kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu.

Tambi ndefu na dagaa: Japani iliyo sokoni tayari

Mpishi wa Kijapani anapotaka mchuzi wa kila siku huchukua samaki wadogo waliochemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa. Huwaita niboshi. Huwatoa vichwa na matumbo ili mchuzi usiwe mchungu, huwaloweka, kisha huwachemsha kwa dakika chache na kuchuja. Msomaji wa Kusini hahitaji kuagiza kitu hicho. Dagaa wa baharini wanaochemshwa na kuanikwa kwenye pwani yetu wametengenezwa kwa njia ileile. Dagaa wa Ziwa Victoria nao hufaa, ila harufu yao ni kali zaidi, na wale walioanikwa chini huja na mchanga, hivyo waoshe mara tatu au nne.

Utamu wa mchuzi wa aina hii una maelezo ya kisayansi. Mwaka 1908 profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitenga glutamati kutoka kwenye mwani uitwao kombu na kuonyesha kwamba ndiyo inayoleta ladha ile ya mchuzi mnono. Samaki wakavu wana kemikali nyingine inayoikuza ladha hiyo, na uyoga mkavu vilevile. Kombu haipatikani kwetu, na mwani unaolimwa ukanda wa pwani yetu ni wa aina nyingine, mzuri wa kugandisha lakini si wa kukoleza mchuzi. Nyanya iliyoiva sana, ikikaangwa mpaka ikauke maji, inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wenye uyoga wa porini waliouanika wakati wa masika wana hazina, mradi uwe uyoga ambao wakubwa wa nyumba wanaujua kwa jina na sura.

Kwa bakuli nne, toa vichwa na matumbo ya fungu la dagaa, wakaange kidogo bila mafuta mpaka wanukie, kisha waloweke kwenye lita 2 za maji kwa nusu saa. Bandika jikoni pamoja na kipande cha tangawizi, kitunguu na nyanya ile iliyokaangwa. Yakianza kuchemka, punguza moto, hesabu dakika kumi, epua na uchuje. Ukizidisha muda, mchuzi huwa mchungu. Dagaa waliobaki usiwatupe, kwani ni kitoweo cha ugali wa jioni.

Tambi ndefu za kawaida zina kasoro moja: hulegea na hazina ule mnato wa rameni. Dawa yake ni magadi soda ya pakiti, ile ya kuumulia maandazi. Vijiko viwili vya chai kwenye lita moja ya maji yanayochemka huzibadilisha tambi: zinakuwa na rangi ya njano zaidi, zinanyumbuka, na zinapata harufu ya rameni. Tumia sufuria kubwa, maana maji hayo hufura na kumwagika jikoni. Zikiiva, chuja maji yote. Maji hayo hayanyweki wala hayafai kwa mchuzi, lakini yanaondoa mafuta kwenye vyombo vizuri sana, hivyo mama wa nyumba wa Newala hana sababu ya kuyamwaga bure. Anayebana maji kabisa aache magadi, achemshe tambi katika mchuzi wenyewe. Atapata supu ya tambi nzuri, ingawa si rameni kamili.

Gharama yake kwa bakuli nne: tambi gramu 400 ni 1,600, dagaa 1,000, mboga na viungo 1,000, vijiko viwili vikubwa vya soya sosi 600, ufuta wa 200, mayai 1,600, mkaa wa 700. Jumla ni 6,700, yaani shilingi 1,675 kwa bakuli. Ni bei ileile ya pakiti tupu, lakini hapa bakuli lina mboga, lina dagaa, na chumvi unaipima mwenyewe.

Hesabu hiyo inasimama kwa familia. Kwa mtu mmoja inaanguka. Mwalimu mgeni anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga atalazimika kununua chupa nzima ya soya sosi na pakiti nzima ya tambi kwa siku ya kwanza, shilingi 5,000 kabla ya yai na dagaa. Kwa pakiti moja, yai moja na mkaa wa 150 angetumia 1,350 na kulala. Asiyepika tambi angalau mara moja kwa wiki asiifungulie chupa.

Kongoro na tambi za mkono: kazi ya Jumapili

Kule Hakata, kisiwani Kyushu, rameni maarufu ni ya mifupa ya nguruwe inayochemshwa saa nyingi mpaka mchuzi uwe mweupe na mzito. Uzito huo hutoka kwenye ngozi na kano zinazoyeyuka. Masasi kuna walaji wa kitimoto wanaoweza kuifuata njia hiyo moja kwa moja. Kwa meza ya Waislamu, ambao Newala ndio wengi, kongoro la ng'ombe linatoa uzito uleule, na kila anayekunywa supu ya makongoro asubuhi ameshauona. Tofauti iko kwenye ukolezaji: rameni inataka mchuzi uchujwe, upewe tangawizi na kitunguu saumu, na chumvi yake iletwe na soya sosi mwishoni ndani ya bakuli. Mapishi mengi ya Kijapani hutaja pia mvinyo wa mchele. Asiyetumia kilevi aweke sukari kidogo na tone la ndimu.

Kongoro huhitaji saa tatu hadi nne za moto, na hapo ndipo gharama inapojificha. Sufuria ya presha hupunguza muda huo kwa zaidi ya nusu, na anayepika kwa kuni za mikorosho iliyopogolewa shambani kwake anaokoa fedha yote ya mkaa. Kuhusu gesi, msomaji asichanganye mambo: gesi asilia ya Mnazi Bay iliyo mkoani kwetu Mtwara hupelekwa kwa bomba kwenye mitambo ya umeme na viwanda, wakati ile ya mtungi ni gesi ya aina nyingine inayoingizwa kwa meli kutoka nje. Ukaribu wa kisima haushushi bei ya mtungi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mpaka mtungi uwe nafuu zaidi, gesi ni ya pakiti na dagaa, kongoro liachie kuni au mkaa.

Tambi zenyewe hazina siri kubwa. Kinachotofautisha tambi za rameni na tambi nyingine ni maji yenye magadi kwenye unga. Wajapani hununua maji hayo yakiwa tayari. Sisi tuna magadi ya mawe, yaleyale ya kulainishia maharage na kisamvu. Kwa gramu 400 za unga, kijiko kimoja cha chai kisichojaa cha magadi yaliyosagwa kinatosha. Yayeyushe katika mililita 170 za maji, yaache yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi, maana hubeba takataka. Yanayotoka maziwa ya Bonde la Ufa huweza kuwa na madini mengi ya floridi, hivyo usizidishe kipimo. Ongeza chumvi kijiko kimoja cha chai, kanda. Donge litakuwa gumu kuliko la chapati. Lifunike lipumzike saa nzima, lisukume jembamba, nyunyiza unga, likunje na ulikate kwa kisu kikali. Dakika mbili kwenye maji yanayotokota zinatosha kuziivisha.

Kwa watu 8: unga gramu 800 ni 1,600, magadi 100, kongoro 4,000, mayai 3,200, mboga na viungo 2,000, soya sosi vijiko vinne 1,200, ufuta 400, mkaa 2,500. Jumla 15,000, sawa na 1,875 kwa bakuli. Wenye kuni zao wanashuka hadi 1,563. Kwa watu wanne njia hii ni hasara, kwa sababu kongoro ni lilelile na moto ni uleule.

Yai: la kienyeji au la kisasa?

Yai la kisasa huwa na gramu 55 hadi 60, la kienyeji mara nyingi 40 hivi. Kwa bei tulizozitaja, gramu moja ya yai la kisasa ni takriban shilingi 7, ya kienyeji ni 15. Rangi kali ya kiini cha kienyeji inatokana na majani na wadudu anaokula kuku. Haina maana kwamba yai hilo lina lishe maradufu. Kwenye rameni yai hulowekwa kwenye soya sosi na kubadilika rangi, hivyo tofauti nyingi hupotea. Nunua la kisasa, isipokuwa kuku ni wa uani kwako.

Litumbukize yai ndani ya maji ili kulipima kabla ya kupika: likilala chini ni zima, likielea limezeeka. Yaliyopata nyufa barabarani yawe ya kukaanga tu. Wajapani hulichemsha dakika sita au saba, kiini kikabaki laini. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa, lichemshwe dakika kumi mpaka kiini kigande, kwa sababu yai lisiloiva linaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Ushauri huohuo unafaa nyumba isiyo na friji.

Kuloweka hakuhitaji bakuli la soya sosi. Weka mayai manne yaliyomenywa kwenye mfuko mdogo safi wa plastiki pamoja na vijiko viwili vikubwa vya soya sosi, viwili vya maji na sukari kidogo, toa hewa, funga. Baada ya saa mbili yana rangi ya kahawia na ladha imeingia. Majimaji yaliyobaki ndiyo chumvi ya supu, gawa kwenye mabakuli kabla ya kumimina mchuzi. Vijiko viwili vimefanya kazi mbili.

Pa kuweka fedha na pa kubana

Chupa ya soya sosi isikosewe. Soma kibandiko: iliyochachushwa huorodhesha soya, ngano, chumvi na maji. Ile inayoanza na chumvi, rangi ya karameli na sukari ni maji meusi ya chumvi, na ukiinunua kwa urahisi wake utaitia vijiko vitatu badala ya kimoja.

Mafuta ya ufuta ya kutoka nje yaache dukani. Japani huagiza karibu ufuta wake wote, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazoiuzia. Lindi na Mtwara ndiko unakolimwa kwa wingi. Kaanga kijiko cha ufuta bila mafuta, utwange nusunusu, nyunyiza juu ya bakuli. Anayependa mchuzi mzito wa rangi ya maziwa atwange ufuta pamoja na korosho za vipande, ambazo huuzwa kwa bei ya chini kuliko nzima ilhali kinuni hazitofautiani. Mboga iwe yoyote inayouzwa kwa bei nzuri siku hiyo: mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, kabichi, au majani ya kunde.

Uamuzi

Anayekula peke yake anunue pakiti, atie nusu ya kifuko, yai moja na mboga ya fungu dogo. Familia ya watu watatu hadi sita ipike tambi ndefu kwa mchuzi wa dagaa: kwa fedha ileile ya pakiti tupu inapata chakula kamili na chumvi kidogo. Wenye wageni, kuni na mchana mzima wachemshe kongoro na kukanda unga. Newala wakati wa kiangazi, pima ndoo kwanza kabla ya kuchagua njia, na maji ya tambi yaoshee vyombo.

Kama utanunua kitu kimoja tu kipya kwa ajili ya supu hii, kiwe soya sosi iliyochachushwa. Vingine vyote viko kwenye genge la jirani.